Mwongo ni Kumi: Namna ya Kuhesabu Siku kwa Neno la Wazee

Mwaka juzi, baada ya sala ya isha, mjukuu wangu alirudi kutoka barazani kwa jirani na swali kichwani. Mzee mmoja alikuwa akizungumza pale habari za kupanda kunde, akasema: "Msiwe na pupa. Ngojeni mwongo wa kumi utoke." Mtoto huyu alikuwa darasa la saba, na skuli kafundishwa kwamba mwongo ni miaka kumi. Akapiga hesabu njia nzima mpaka nyumbani. "Bibi," akaniuliza, "kwani kunde zinangojewa miaka mia?"

Nilimkalisha jamvini, nikatoa vifuu vitatu vya nazi na komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Tulikaa mpaka akaelewa, na tangu usiku ule hesabu ya siku katika nyumba hii anaishika yeye. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na majibu niliyowapa watu wazima waliokuja kuniuliza baadaye. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Neno hili nimelipokea kwa babu yangu mzaa mama, ambaye ukutani kwake hapakuwahi kuwa na kalenda, na hakupotewa na siku.

Neno lenyewe

Mwongo ni kumi. Shika hilo kwanza, mengine yatajipanga. Ni kumi zima, lililotimia, la kitu kinachohesabiwa kwa mfululizo. Siku kumi ni mwongo, na miaka kumi nayo ni mwongo. Magazeti na redio wameuchukua ule wa miaka, na wamefanya vyema, kwani palihitajika neno hapo kati ya mwaka na karne. Lakini huku kwetu, kondeni na pwani, mwongo uliotumika ni wa siku, na huo ndio unaopotea. Kijana akisikia "mwongo" leo, siku hazimjii kabisa.

Nilipokuwa bado nafundisha, alikuja skulini kwetu mwalimu mmoja Mkamba kutoka Machakos. Asubuhi moja alikuwa anahesabu madaftari kimyakimya kwa lugha yake, nikamsikia akisema "mĩongo ĩlĩ". Nikamwuliza, umesemaje? Akaniambia, ishirini. Niliweka chaki chini. Miongo miwili! Babu yangu, ambaye bara hakuwahi kufika, angemwelewa bila mkalimani. Baadaye nikajua kwamba Wakikuyu nao huita ishirini mĩrongo ĩĩrĩ, na Wanyarwanda huita thelathini mirongo itatu. Ile sauti ya "r", au "l" kwa wengine, iliyomo katikati kwao, sisi tumeiangusha, kama tulivyofanya katika njia, ambayo Wakikuyu huiita njĩra, na katika njaa, ambayo Waganda huiita enjala.

Basi neno ni la Kibantu, la asili yetu, na lina umri mkubwa kuliko ishirini, thelathini, arubaini na nduguze mpaka tisini, ambazo zote tulizipokea kutoka Kiarabu. Hesabu za Kiarabu ziliposhika soko, mwongo uliacha kuhesabu nazi na samaki, ukabaki kuhesabu siku. Hali kama hiyo iliikuta saba. Saba ni Kiarabu. Ya kwetu ilikuwa mfungate. Hakuna anayenunua mayai mfungate siku hizi, lakini ndoa ikishafungwa, bwana na bibi harusi hukaa fungate, yaani siku zile saba. Sita ilikuwa tandatu. Tisa ilikuwa kenda, na kenda bado utaisikia.

Liko pahala pengine ambapo mwongo unapita mdomoni mwako kila siku bila wewe kuutambua: miongoni. Ligawe, uone: miongo, na ile -ni ya mahali. Kuwa miongoni mwa watu ni kuwamo ndani ya hesabu yao. Nilipomwonyesha mjukuu wangu hili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nalitumia zamani." Naam, unalitumia zamani.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, maneno ya mashamba hayakupigwa marufuku. Yalibaki tu yakiwangoja wenyewe wayaseme.

Hesabu inaanzia wapi

Inaanza Siku ya Mwaka. Kwetu Makunduchi siku hiyo ni Mwaka Kogwa, na kogwa kwa Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, ni kuoga, kwa sababu watu huteremka baharini kuoga mwaka mpya uingie. Jina jingine ni Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Miaka hii inaangukia Julai. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vipande vya migomba na kutoleana yaliyomo vifuani, banda la makuti linajengwa na kutiwa moto, wanawake wanazunguka na nguo zao nzuri wakiimba, na kila nyumba inatafuta mgeni wa kula naye. Wageni wengi huja kuupiga picha ule moto. Wachache wanaouliza: siku yenyewe imejulikanaje?

Imejulikana kwa sababu yuko mtu aliyehesabu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365, hazizidi wala hazipungui. Hauna habari na mwezi wa angani. Unagawika miongo 36, ambayo ni siku 360, na juu yake zinabaki siku tano zisizoingia katika mwongo wowote. Ndiyo kalenda yote hiyo.

Mwaka wa mwezi una siku 354, na Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwaka huu hauwi pale ulipokuwa mwaka jana. Unarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Kwa ibada huo ndio mwaka wetu, hauna mbadala. Ila mbegu haiwezi kufuata Mfunguo, wala upepo wa kaskazi haujui kama ni Rajabu au Shaabani. Mkulima na nahodha walihitaji mwaka unaofuata jua, na huu ndio waliokuwa nao. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15 kutoka Julfar katika Ghuba, alipoandika ni lini chombo kitweke tanga kwenda wapi, tarehe alizitaja kwa siku za Nairuzi: siku ya kadhaa, siku ya mia na kadhaa. Vyombo vilivyokuja Unguja na kaskazi na kurudi na kusi vilibeba tende, samaki wa chumvi, na hesabu hii pia.

Vifuu vitatu

Unahitaji vifuu vitatu vya nazi, komwe ishirini na tatu, na pahala pa juu pasipofikiwa na kuku wala watoto. Ukikosa komwe, chukua kokwa za ubuyu au vijiwe vya pwani, mradi vilingane. Punje za mahindi usitumie. Panya watakuharibia mwaka.

Kifuu cha kwanza ni cha siku. Cha pili ni cha miongo. Cha tatu ni cha mia.

Siku ya Mwaka ikiingia, vifuu vyote vikiwa vitupu, tia komwe moja katika kifuu cha siku. Siku ya pili tia nyingine. Endelea hivyo mpaka zitimie kumi. Zikiwa kumi, usizitoe bado, kwani siku ya kumi yenyewe haijaisha. Ikiingia siku ya kumi na moja, hapo mwongo umetoka: mimina zile kumi zote, tia komwe moja katika kifuu cha miongo kuwa ushahidi wa mwongo uliotimia, kisha tia moja katika kifuu cha siku kwa ajili ya siku mpya. Kifuu cha miongo nacho kikipata komwe ya kumi, kimimine, utie moja katika kifuu cha mia. Mwisho wa mwaka utakuta komwe tatu katika mia, sita katika miongo na tano katika siku. Tatu, sita, tano. Mjukuu wangu alipoliona hilo mwenyewe, mwisho wa mwaka wake wa kwanza wa kuhesabu, alikuja kuniamsha usingizini.

Kuna jambo moja watu wengi hukosea nalo, na mimi mwenyewe lilinipoteza. Komwe hutiwa magharibi. Siku yetu huanza jua likizama. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani huanza kwa tarawehe kabla ya funga. Mwaka wa kwanza niliposhika hesabu peke yangu, baada ya babu kufariki, nilikuwa natia komwe asubuhi. Siku nikisahau asubuhi, natia jioni, kesho yake asubuhi naona kifuu sina hakika nacho, natia tena. Kaskazi iliponikuta nilikuwa nimezidi siku nne, na nililia, kwa sababu nilihisi nimekata kamba iliyofungwa na babu yake babu. Babu alikuwa akitoka msikitini magharibi, kabla hajakaa kula, mkono wake unakwenda kwenye kifuu. Kazi inapoambatana na sala haisahauliki. Fanya hivyo.

Kusoma ni rahisi. Ukikuta moja katika mia, tatu katika miongo na saba katika siku, basi imetimia mia moja, imetimia miongo mitatu, na leo ni siku ya saba. Yaani siku ya 137. Mwongo uliomo ndani yake ni ule unaofuata iliyotimia: miongo kumi na mitatu imetoka, wewe umo katika wa kumi na nne.

Ukipotea, au ukianza katikati ya mwaka

Usikisie. Chukua karatasi. Tafuta tarehe ya Siku ya Mwaka iliyopita. Hiyo ni siku ya 1. Ukisikia tarehe mbili tofauti, shika ile ya wazee wa Makunduchi.

Nitakupa mfano. Tuseme Siku ya Mwaka imeangukia tarehe 15 Julai. Mwongo wa kwanza ni kutoka 15 mpaka 24 Julai. Wa pili ni 25 Julai mpaka 3 Agosti. Wa kumi unaanza 13 Oktoba na kutoka 22 Oktoba. Hapo mia ya kwanza imetimia na vuli iko karibu kubisha hodi. Mia ya pili inatimia 30 Januari, kaskazi ikiwa imekolea. Mia ya tatu inatimia 10 Mei, ndani ya masika. Mwongo wa thelathini na sita unatoka 9 Julai, zinafuata zile siku tano, 10 mpaka 14, na tarehe 15 ni mwaka mpya. Mwaka ambao Februari ina siku 29, rudisha tarehe zote za baada ya hapo siku moja nyuma. Mwaka mpya utaangukia 14.

Kwa siku yoyote nyingine, hesabu ni siku ya ngapi, kisha tazama tarakimu. Tarehe 28 Novemba, kwa mfano huu, ni siku ya 137. Yale makumi ni 13, basi uko mwongo wa 14. Zile moja moja ni 7, basi ni siku yake ya saba. Mtego uko kwenye sifuri. Siku ya 140 si siku ya sifuri ya mwongo wa 15. Ni siku ya kumi, ya mwisho, ya mwongo wa 14. Wanafunzi wangu wote wa hesabu walianguka hapo mara ya kwanza, wakubwa kwa wadogo.

Namna ya kulisema

Mwongo una mwenzake wa jina moja: mwongo msema uongo. Kwa kuandika hawatofautiani, hata yule anayeandika "muongo" huwaandika wote wawili hivyo hivyo. Watakaokusaidia ni majirani zao katika sentensi. Wa hesabu ni mwongo huu, miongo hii. Wa uongo ni mwongo huyu, waongo hawa. Mwongo umepita, mwongo kapita. Ukisema tu "mwongo wa pili" hujasema kitu, kwa sababu wote wawili ni "wa", basi ongeza neno: mwongo wa pili wa mwaka, mwongo wa pili umeingia. Niliwahi kusahihisha insha ya mtoto aliyeandika "waongo wawili waliopita Zanzibar ilipata maendeleo," akimaanisha miaka ishirini. Nikamwita mezani, hatukuondoka pale mpaka aliposema miongo miwili iliyopita mara tatu mbele yangu.

Babu aliuliza, "Mwongo wa ngapi huu?" na jibu lake ni nambari: wa nane, wa kumi na tano. Mwongo unaingia na unatoka, kama mwezi. "Mwongo wa tisa umeingia" ni siku yake ya kwanza. "Umetoka" ni pale ya kumi ilipokwisha. Na ukisikia mzee anasema ngojeni mwongo wa kumi utoke, anataka siku mia zitimie, asubuhi ya siku ya mia na moja uwe na jembe mkononi.

Ukiwa unaandika kwa watu wa kila namna, usiwaache wakisie. Andika mwongo wa siku au mwongo wa miaka mara ya kwanza, baadaye neno peke yake litatosha. "Miongo mitatu iliyopita" katika habari za siasa kila mtu ataelewa ni miaka thelathini. Katika habari za kilimo cha huku kusini, elewa mwezi mmoja.

Na sema miongoni mwa, siyo miongoni ya. Hilo nimelisahihisha miaka thelathini na bado nalisikia.

Kumi la Ramadhani ni jambo jingine. Kumi la mwanzo, kumi la kati, kumi la mwisho: hayo ni makumi ya mwezi mwandamo, na kwetu huitwa kumi, hayaitwi mwongo. Mtu akisema "mwongo wa mwisho wa Ramadhani" hakukosea maana, kwani kumi na mwongo ni kitu kimoja, lakini masikio ya wazee yatashtuka, kwa sababu mwongo kwao ni wa mwaka wa jua.

Mwongo unahama

Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo wenye kudharau hesabu ya wazee hupata pa kusemea.

Babu aliponifundisha, miaka ya 1970, alisema kunde zipandwe mwongo wa tisa ukitoka. Mzee wa barazani amemwambia mjukuu wangu mwongo wa kumi. Mmoja wao kakosea? Hapana. Jua linamaliza mwaka wake kwa siku 365 na robo. Mwaka wa Nairuzi haungoji ile robo. Kalenda ya ukutani huziweka robo nne pamoja na kuzifanya siku ya 29 ya Februari. Yetu haifanyi hivyo. Basi kila miaka minne Siku ya Mwaka inatangulia siku moja, na kila miaka arubaini inatangulia siku kumi. Mwongo mzima. Ndiyo maana katika karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia Agosti, na sisi leo tunaioga Julai.

Mwaka ukitangulia mwongo mmoja na mvua ikabaki pale pale, mvua ile ile inakukuta mwongo mmoja mbele zaidi. Ya babu ya mwongo wa tisa ndiyo ya leo ya mwongo wa kumi. Kwa hivyo ukipokea kauli ya mzee aliyetangulia, "fyeka mwongo wa saba", "usisafiri mwongo wa ishirini na sita", uliza kwanza aliisema lini. Kwa kila miaka arubaini iliyopita, ongeza mwongo mmoja. Miaka ishirini, ongeza siku tano. Sidhani kama babu aliwahi kusikia habari za robo ya siku, lakini alikuwa akisema, "Hesabu hufundishwa na mvua," na kila mwaka alikuwa akiweka komwe moja yenye alama juu ya kizingiti siku mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, akataja mwongo wake kwa sauti ili sote tusikie. Hivyo ndivyo kauli zinavyosogezwa. Fanya na wewe: mvua ya kwanza ya vuli, siku upepo unapogeuka kuwa kaskazi, siku kusi inapoanza. Andika mwongo na siku, pembeni andika tarehe ya kalenda. Baada ya miaka michache utakuwa na cha kumwambia mtu kuhusu shamba lako mwenyewe, na si la babu yangu.

Mvua zenyewe siku hizi hazishiki zamu kama zamani, hilo kila mwenye jembe analijua. Ndiyo sababu zaidi ya kuandika.

Pwani fuata mwezi

Kifuu hakikusaidii kila pahala. Wanawake wenzangu wenye mashamba ya mwani wananiuliza kama miongo itawaambia siku za kuvuna. Haiwezi. Maji yanafuata mwezi: bamvua liko mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu yako katikati yake. Mwani, pweza na chaza ni kazi za bamvua, maji yanapokupwa mbali. Mwongo hauna macho ya kuona hilo. Bamvua litaingia mwanzo wa mwongo huu, na mwongo ujao likawa katikati.

Babu alikuwa na hesabu mbili, moja kichwani na moja kwenye vifuu. Ya mwezi aliiweka kichwani kwa sababu mwezi wenyewe huonekana, ukiusahau unatazama juu. Ya jua aliiweka kwenye vifuu kwa sababu jua kila siku ni lile lile. Nimeona niliseme hili kwa sababu yupo aliyekwenda pwani na jirani zake kwa kufuata mwongo, wakayakuta maji yamejaa, wakarudi wanasema mambo ya wazee hayana ukweli.

Zile siku tano

Mwongo wa thelathini na sita ukitoka, kifuu cha siku kinaendelea: moja, mbili, tatu, nne, tano. Siku hizi hazina mwongo, basi usiseme "mwongo wa thelathini na saba". Sema siku ya kwanza ya tano, ya pili ya tano. Babu hakuanza kazi mpya ndani yake. Alishona pakacha zilizopasuka, alirudisha alivyoazima, na alipita nyumba za watu aliokosana nao kabla migomba haijafanya kazi hiyo.

Magharibi ya kuingia Siku ya Mwaka, mimina vifuu vyote vitatu. Mjukuu wangu huzitia komwe katika kitambaa, asubuhi akateremka nazo baharini akazikosha pamoja naye. Ila komwe moja haiendi. Hiyo imeshatiwa katika kifuu cha siku tangu jana magharibi.